Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuingia Katika Msitu Wenye Dubu

Wengi wanaojiandaa kwenda kwenye misitu yenye dubu huwaza zaidi watakavyopambana naye, ilhali sehemu kubwa ya kujilinda hukamilika siku ya kufunga mizigo. Dubu hukimbia kwa kasi inayofikia takriban kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hakuna binadamu wa kumshinda mbio, na aliyesahau kinga yake chini ya nguo ndani ya shanta hatapata muda wa kuifukua.

Kwanza ujue dubu wa huko unakokwenda ni wa aina gani, maana mbinu inayokuokoa kwa mmoja inaweza kukuponza kwa mwingine. Katika Amerika ya Kaskazini wapo dubu wa kahawia, ambao wale wa bara huitwa grizli, na dubu weusi. Majina haya yasikuhadae, kwani dubu mweusi huweza kuwa na manyoya ya hudhurungi. Alama za kuaminika zaidi ni nundu ya msuli iliyo juu ya mabega ya dubu wa kahawia, uso wake uliobonyea kidogo na kucha zake ndefu za mbele. Dubu mweusi hana nundu hiyo, na masikio yake yamesimama zaidi. Dubu wa nchi za barafu ni habari nyingine kabisa: huko Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kaskazini ya mbali, sheria inamtaka kila anayetoka nje ya makazi awe na zana za kumfukuzia.

Kinga ninayoipa uzito kuliko zote ni kopo la dawa ya pilipili lililotengenezwa mahususi kwa ajili ya dubu, wala si lile dogo la kujikinga na wahalifu. Makopo mengi hufikisha wingu lake umbali wa mita 7 hadi 10 na huisha kwa sekunde chache tu, hivyo hakuna nafasi ya kujaribu-jaribu. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu msukumo wa gesi hupungua kadiri miaka inavyopita. Ikiwa unasafiri kwa ndege, panga kulinunua ukifika, kwani kwa kawaida haliruhusiwi ndegeni. Kisha fanya mazoezi kwa kopo la kujifunzia lisilo na pilipili: vaa shanta yako ikiwa imejaa, tembea, na mwenzako akushtue ghafla, mkono ushuke kiunoni, kidole gumba king'oe kizuizi cha usalama, na mdomo wa kopo uelekee mbele, chini kidogo, ili dubu akutane na wingu kabla hajakufikia. Rudia mpaka mkono uende wenyewe bila macho kuuongoza. Wapo wanaoipulizia hema lao wakidhani ni kama dawa ya mbu; harufu inayobaki inaweza hata kumvuta dubu.

Harufu ndiyo inayowaponza wapiga kambi wengi. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka na chakula cha mbwa vyote huhesabiwa kuwa chakula, na vinapaswa kukaa ndani ya chombo kigumu kisichofunguliwa na dubu, ambacho ni lazima kwa wanaolala porini katika hifadhi ya Yosemite nchini Marekani. Pika umbali wa mita 100 hivi kutoka kwenye hema, upande ambako upepo hautaleta harufu kwako, na usilale na nguo ulizopikia.

Panga pia namna ya kutembea. Watu watatu au zaidi wanaozungumza kwa sauti husikika mapema, lakini kengele ndogo za kufunga kwenye shanta ni kelele hafifu mno. Ukiona ndege wanaokula mizoga wamekusanyika, geuza njia, kwani huenda dubu naye yuko kwenye mzoga huo. Katika hifadhi ya Yellowstone, pia ya Marekani, kanuni ni kukaa angalau mita 91 kutoka kwa dubu.

Mwisho, wote mkubaliane mapema kwamba hakuna atakayekimbia. Dubu wa kahawia anayejihami au kulinda watoto akikugusa, lala kifudifudi na shanta mgongoni, vidole vimefumbatana nyuma ya shingo, miguu imetanuliwa, na usiinuke mpaka aondoke. Dubu mweusi akishambulia, pambana naye ukilenga pua na macho. Lakini dubu yeyote anayekunyemelea, au anayeingia hemani usiku, hakuja kujihami. Huyo hupigwa kwa chochote kilichopo, na ndiyo sababu kopo na tochi hulala kando ya mto wa kichwa, mahali ambapo mkono utavipata gizani.