Kuongeza saketi za spotilaiti na friji kwenye Land Rover Series III

Mpwa wangu ana Land Rover Series III ya 109 (ile ndefu, inchi 109 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) iliyofungwa injini ya dizeli ya Toyota. Alitaka spotilaiti mbili mbele na friji ndogo nyuma. Ilituchukua siku mbili, na zaidi ya nusu ya muda huo uliishia kwenye hatua ya 5, kwa hiyo hiyo isome mara mbili.

1. Piga hesabu. Wati gawanya kwa volti 12. Spotilaiti mbili za wati 55 ni ampea 9 na ushee. Friji yake inakula kama 4. Alteneta (mashine ya kuchaji betri) ya Lucas 16ACR, ambayo Series III nyingi zilikuja nayo, hutoa ampea 34 tu, na hapo taa kubwa na waipa bado hazijachukua fungu lake. Yake ni ya Toyota, tukasoma kibao chake tukaendelea.

2. Fungua betri, hasi kwanza.

3. Vuta umeme kutoka betri, si kwenye waya za zamani. Kwenye Series III umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani bila rilei (swichi inayoamrishwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa). Ukiiongezea mzigo, swichi inaungua. Weka waya wa milimita 6 za mraba kutoka chanya hadi kisanduku kipya cha fyuzi, na fyuzi kuu ya ampea 30 isizidi shubiri moja kutoka betri. Fyuzi inalinda waya unaotoka kwake kwenda kwenye vifaa; ulio kati yake na betri hauna mlinzi.

Tumia fyuzi za kisu (zenye miguu miwili bapa). Za kioo mimi siweki tena. Fyuzi ya zamani ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni nusu ya hapo. Ukibadilisha kwa fyuzi ya aina nyingine iliyoandikwa 35, inabeba 35 siku nzima na waya unayeyuka fyuzi ikiwa nzima.

4. Rilei. Mguu ulioandikwa 30 kutoka fyuzi (ampea 15 kwa spotilaiti, 10 kwa friji), 87 kwenda kwenye kifaa, 86 waya wa kuamrisha, 85 ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri). Spotilaiti ziamrishwe na waya wa bluu wenye mstari mweupe, yaani fulu, ili ukishusha taa nazo zizime. Friji iamrishwe na waya wa kijani unaopata umeme ufunguo ukiwashwa. Gari likishapitia mikono ya mafundi wengi rangi usiziamini, pima. Na nunua rilei za miguu minne: kwenye ya miguu mitano, ule wa katikati (87a) una umeme rilei ikiwa imelala.

5. Ethi. Tuliwasha, rilei ikalia "tak", taa zikatoa mwanga wa njano kama kibatari. Tukabadilisha rilei. Tukabadilisha balbu. Tukavuta waya mpya wa chanya. Giza likaingia.

Asubuhi nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: taa zikiwa zimewaka, ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya taa. Volti 2.4. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Lazima upime mzigo ukiwa unafanya kazi. Balbu ikiwa imechomolewa, ukipima kwenye soketi yake mita itakuonyesha volti 12 zote na utaapa kwamba waya ni mzima.

Ethi tuliifunga kwenye madigadi, tena tulikwangua rangi vizuri. Tatizo halikuwa pale. Madigadi ni aluminiamu, na inashikiliwa na boliti kwenye chuma. Maji yakikaa katikati, aluminiamu huliwa. Nilipofungua boliti ya maungio, chini ya kichwa chake kulikuwa na unga mweupe mkavu kama chokaa, umezunguka duara zima.

Kwa hiyo kwenye Land Rover usitegemee bodi. Rudisha waya wa ethi, wenye unene uleule wa chanya, hadi kwenye chesi pale hasi ya betri inapofungwa. Kwangua mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi juu. Angalia pia ethi ya injini: injini imekalia raba, na wanaobadilisha injini huisahau mara nyingi. Umeme wa stata ukikosa njia hupita kwenye kebo ya pedeli ya mafuta na kuichoma.

Tukapima tena: volti 0.1.

6. Maungio. Bana kwa koleo la kubania. Lehemu hukakamaza waya, na kwenye mtikisiko wa rafu rodi unakatika pembeni yake. Kusokota na kuzungushia tepu sikubali kabisa, gundi yake huyeyuka kwa joto la boneti. Tundu la kupitia bodi liwe na raba.

7. Rudisha betri, washa saketi moja moja. Baada ya dakika kumi shika waya kwa mkono. Ukiwa na joto, ni mwembamba kwa mzigo huo. Ung'oe uweke mnene.