Simama-keti kabla ya sahani

Kwa mnaohudumia wazee kwenye makao: msihangaike kutafuta saa ya mazoezi, yafungeni kwenye mlo. Kabla sahani haijafika mezani, babu au bibi asimame na kuketi mara 5 kutoka kwenye kiti kigumu chenye mikono, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. Siri iko miguuni: avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, ndipo ainuke. Uzito ukishahamia juu ya nyayo, kuinuka kunakuwa kwepesi, na mapaja yanayofanya kazi hapo ndiyo yaleyale yanayomwinua kitandani na chooni bila kushikwa mkono. Kuketi kuwe polepole, maana kushuka nako hujenga nguvu (wengi hujibwaga tu). Kwa milo 3, hizo ni mara 15 kwa siku, na hakuna aliyeburutwa mazoezini. Kwenye sofa linalozama haifai. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga karibuni asubiri ruhusa ya daktari. Anayepata kizunguzungu akisimama, hasa anayetumia dawa za presha, aketi mara moja na apimwe kwanza.