SOMO: Tairi ya nyuma inasugua na gari imelala nyuma, shika tepu kabla hujanunua shokapu

Wakuu salama. Leo nataka tulimalize hili la tairi za nyuma kusugua maana watu wanaingia hasara isiyo na sababu. Mtu ana Toyota Corolla 110 yake, gari ya mwishoni mwa miaka ya 90, akipakia watatu nyuma na mzigo kwenye buti akipita tuta anasikia krrr, anaenda gereji anaambiwa shokapu zimekufa, ananunua mbili mpya anafungiwa, jioni ile ile akipita tuta lile lile krrr ipo pale pale. Hela imeenda na tairi inaendelea kuliwa.

Shika hili kwanza, mengine yatakuwa mepesi: springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kutuliza gari isiendelee kuruka ikishapita shimo. Chukua shokapu ya kawaida isukume kwa mkono, inaingia, hata ile ya gesi itarudi yenyewe taratibu lakini mkono bado unaishinda. Sasa kitu unachokishinda kwa mkono kitabebaje kona nzima ya gari yenye zaidi ya kilo mia mbili? Kwa hiyo gari ikilala nyuma shokapu siyo mtuhumiwa wa kwanza. Naongelea magari ya springi za chuma, yale ya mifuko ya hewa na yale yenye shokapu maalumu zinazojipandisha zenyewe yana somo lao.

Mfano wetu ni 110 sedan kwa sababu ziko nyingi na umri umeenda. Nyuma kila upande una shokapu ndefu iliyovaa springi, chini kuna mikono miwili ya pembeni inayoshika tairi isiende kushoto wala kulia, na mkono mmoja mrefu unaoelekea mbele unaozuia tairi isirudi nyuma.

HATUA YA 1: PIMA

Weka gari sehemu tambarare kweli, sakafu ya sheli au parking ya simenti, siyo uwanja wa mchanga. Toa mizigo kwenye buti, jaza upepo sawa pande zote, legeza hendibreki (weka kabari tairi za mbele kwanza), sukuma gari mbele na nyuma kidogo ili ikae ilivyozoea. Halafu pima kuanzia katikati ya hab (kitovu cha gurudumu) mpaka ukingo wa fenda, wima juu, tairi zote nne, andika. Usipime kuanzia chini, maana ukianzia chini unapima na tairi na upepo humo humo, ukianzia hab unapima springi peke yake.

Kushoto na kulia zikiachana zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, kuna kitu upande ule ulioshuka. Zikiwa sawa lakini nyuma yote imekaa chini kuliko gari nyingine ya aina hiyo hiyo (tafuta ya jirani uipime, dakika tano tu), basi springi zote mbili zimechoka au kuna uzito wa kudumu umeongezwa. Sasa waite watu wazima wawili wakae siti ya nyuma upime tena. Hiyo namba ya pili ndiyo muhimu zaidi kwa sababu wengi hawasuguliwi gari ikiwa tupu.

HATUA YA 2: TAFUTA INASUGUA WAPI

Hapa ndipo gari inaongea yenyewe, usipapite haraka. Chukua chaki paka bega la tairi la nje, bega la ndani na ukuta wa ndani, paka kote kuizunguka. Pakia watu, pita tuta polepole, kata kona kushoto na kulia, rudi uangalie chaki imefutika wapi, kisha ingiza tochi ndani ya fenda utafute palipong'aa.

Ikifutika bega la nje na ukingo wa fenda umeng'aa kwa ndani, tairi imetoka nje sana au gari imeshuka sana. Ikifutika ukuta wa ndani, angalia sahani inayobeba springi kwa chini na bodi ya ndani, hapo mara nyingi ni tairi kubwa au rimu imeingia ndani mno. Ikiwa inagusa mbele au nyuma ya duara la fenda, siyo juu, acha kabisa kufikiria springi, hapo tairi imesogea mbele au nyuma, mkono ule mrefu bushi yake (raba ya kwenye kiungo cha mkono) imeisha au mkono wenyewe umepinda.

Na muda wa kusugua nao ni ushahidi. Inasugua kwenye matuta tu, ni kimo cha gari. Inasugua kwenye kona upande mmoja, kuna kitu kinacheza pembeni. Inasugua ukikanyaga breki, nenda moja kwa moja kwenye bushi ya mkono mrefu. Inasugua muda wote hata barabara ya lami iliyonyooka, usiendelee kuendesha, kuna kilichopinda au kukatika.

HATUA YA 3: SOMA TAIRI NA RIMU

Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo mara nyingi kuna stika ya saizi ya tairi. Linganisha na ulichonacho. Tuseme gari ilitoka na 175/65R14 wewe umeweka 195/65R15 kwa sababu uliona imejaza fenda vizuri. Ya kwanza kimo chake ni kama milimita 583, ya pili ni 634. Ukigawa kwa mbili, juu ya tairi imepanda sentimita mbili na nusu kuelekea fenda, na upana umeongezeka milimita 20. Ungebaki na rimu za 15 ukaweka 195/55R15 kimo kingekuwa 595 hivi, karibu kabisa na ile ya kiwandani.

Halafu ofseti ya rimu, ile namba inayoanza na ET nyuma ya rimu. ET ikipungua rimu inatoka nje. Ukitoka rimu ya inchi 5.5 yenye ET45 ukaenda ya inchi 7 yenye ET35, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 29. Hizo ni karibu sentimita tatu! Hapo hata springi mpya kabisa haikusaidii. Na kama una spesa (vile vyuma vya kusogeza rimu nje) nyuma ya rimu zitoe kwanza halafu ujaribu tena, usianze kulaumu springi wakati mtu amekusukumia tairi nje.

HATUA YA 4: SPRINGI YENYEWE

Piga jeki, weka stendi chini ya bodi sehemu iliyoimarishwa, ndiyo uingize kichwa. Jeki peke yake hapana, tofali hapana kabisa, tofali linapasuka bila taarifa.

Osha springi kwa maji na brashi. Angalia pete ya mwisho kabisa ya chini, hapo ndipo matope na kutu vinakaa na ndipo springi nyingi zinakatikia, kipande kinabaki kwenye sahani na springi inashuka, mtu wa kawaida haoni kitu maana kwa mbali inaonekana nzima. Pitisha kidole mpaka mwisho, springi nzima inaishia kwa ncha nadhifu, iliyokatika ina ncha chakavu yenye kutu au chuma kinachong'aa kama imekatika juzi. Angalia na sahani yenyewe kama haijaoza au kupasuka, maana sahani ikizama gari inalala hata springi ikiwa mpya. Hapa tu ndipo shokapu inaweza kuhusika na kulala, kwa sababu sahani imechomelewa kwenye mwili wake.

Juu ya shafti ya shokapu kuna raba ya kuzuia isipige mwisho. Kwenye magari ya umri huu mara nyingi imeshakuwa unga. Ikiwa haipo, tairi inapanda juu kuliko ilivyopangwa na inagusa fenda hata kama kimo cha gari ni kizuri. Ni kitu cha bei ndogo, watu hawakitazami.

HATUA YA 5: BUSHI NA MIKONO

Gari bado iko kwenye stendi, shika tairi juu na chini tikisa, ikicheza ni bearing. Ingiza nondo au mtalimbo mdogo kati ya mkono na bodi, bana taratibu uone raba, ikipasuka na chuma kikahama kirahisi bushi imeisha. Na ukishashusha gari chini simama nyuma yake mita kumi uitazame, juu ya tairi pakiwa pameingia ndani pande zote mbili ni dalili ya kulala, upande mmoja tu ni dalili ya kupinda au bushi.

Pima pia hab ya mbele mpaka hab ya nyuma, kushoto na kulia, usukani umenyooka. Zikitofautiana waziwazi upande mmoja umesogea.

KUREKEBISHA

Springi zinabadilishwa mbili mbili. Ukibadili moja utakuwa na gari iliyopinda. Ukinunua za mtumba, iwe Gerezani pale Dar es Salaam au popote, hakikisha zimetoka gari ya bodi na injini kama yako na uzisimamishe pamoja mezani uone urefu unalingana. Nati ya juu ya shokapu usiifungue bila kibana springi, springi iliyobanwa inaweza kuvunja taya au kuua.

Jingine ambalo mafundi wengi hawalifanyi: boliti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza tairi zinaning'inia, ukishusha gari raba inajinyonga muda wote, inachanika mapema, na kwa siku za mwanzo gari inakaa juu kwa uongo halafu inashuka. Ukishamaliza yote nenda alaimenti (kunyooshwa tairi kwa mashine), na uulize kama wanapima nyuma, siyo mbele tu.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Mbagala: Mkuu mimi nafanya teksi mtandao na Toyota IST, tangu nifunge mtungi wa gesi nyuma imekaa chini na abiria watatu wakikaa inasugua. Springi zimekufa?

Jibu: Huenda hazijafa kaka, umeziongezea mzigo. Mtungi wa chuma wa lita 60 peke yake uko jirani na kilo 60, weka na vyuma vya kuushikilia, ni kama una abiria wa kudumu kwenye buti asiyeshuka. Pima kama hatua ya 1 inavyosema. Springi zikiwa nzima tafuta zenye nguvu zaidi kidogo za aina ya gari yako, ukimweleza muuzaji uzito ulioongezeka. Na IST inayovutwa na magurudumu mawili tu (siyo 4WD), kwa nyuma haina mikono kama 110, ina ekseli moja inayoshika pande zote, angalia zile bushi zake mbili kubwa za mbele. Usiguse vishikizo vya mtungi ili kupata nafasi, hiyo kazi warudie waliofunga.

Dada wa Tanga: Fundi ameniambia aniwekee raba katikati ya springi, gari itanyanyuka. Niweke?

Jibu: Itanyanyuka dada yangu, ni kweli. Lakini ile pete yenye raba inaacha kufanya kazi, mzigo wote unahamia kwenye zilizobaki, na springi ya zamani yenye kutu inaweza kukatikia hapo. Kama ni kufika mwisho wa mwezi ukanunue springi, sawa. Kama springi imeshakatika, usiweke hata siku moja.

Mdau, Mombasa: Je nikikata ule ukingo wa ndani wa fenda na grinda? Mambo yaishe.

Jibu: Usikate. Fenda ya nyuma kwenye ukingo ni mabati mawili yamepigwa spoti pamoja (yamechomelewa kwa vidoti), ukikata unafungua mshono, maji yanaingia na baada ya mvua kadhaa kutu inatoka kwa nje. Kuna kuukunja kwa kifaa chake na joto ili rangi isipasuke, lakini hilo ni kwa mwenye gari ambayo springi, bushi na rimu zote ziko sawa na bado amebakiwa na milimita chache.

Mdau, Dodoma: Nimebadili springi zote mbili mpya, kushoto bado inasugua nikikata kona ya kulia. Nimechoka.

Jibu: Ukikata kulia uzito unalalia kushoto, kwa hiyo upande huo unashuka na kusukumwa pembeni. Springi umeshaziondoa kwenye orodha, hiyo ni hatua nzuri. Bana ile mikono miwili ya pembeni kwa nondo, kisha toa tairi uangalie mwili wa shokapu kama haujapinda, hasa kama upande huo uliwahi kuingia shimo kubwa. Badilishana tairi kushoto na kulia pia kama siyo za mwelekeo mmoja, kusugua kukihamia kulia tatizo ni tairi au rimu. Na kama ukuta wa tairi umeshaonyesha nyuzi, hiyo tairi usisafiri nayo.

Mdau, Mbeya: Vipi Hilux ya zamani yenye springi za mabamba? Tairi ya kulia inagusa fenda kwa nyuma, nikiwa na mzigo.

Jibu: Mzee hiyo anza na senta bolti, ile inayoshika mabamba pamoja katikati. Ikikatika ekseli inateleza juu ya springi na tairi inarudi nyuma au kwenda mbele upande mmoja, ndiyo maana inagusa nyuma ya fenda na siyo juu. Pima hab mpaka hab pande zote mbili utaona. Kichwa cha senta bolti kinatakiwa kikae kwenye tundu lake la ekseli, ukikiona kimetoka au hakipo umepata jibu. Ukibadili weka na yu bolti mpya (zile za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi), zilizovutwa miaka yote hazishiki vizuri tena, na ukishatembea kilomita mia moja hivi na mzigo rudi uzikaze upya.