Barua pepe yenye urembo inayosomeka hata kwenye dirisha jeusi

Siku moja nilimtumia mwenzangu ratiba ya kazi, juu yake nikaandika: "Yaliyo mekundu ndiyo yaliyobadilika." Akanijibu kwa maneno mawili: "Mekundu yapi?" Alikuwa anasoma kwa Mutt, programu ya barua pepe ya ndani ya terminali (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), herufi zote rangi moja. Barua ilifika nzima, maana ikabaki kwangu.

Urembo sijauacha, ila sasa naanzia upande mwingine.

Hatua ya 1: Andika maandishi matupu kwanza

Fungua Notepad au kihariri chochote kisicho na fonti, uandike barua yote humo. Kama haieleweki hapo, herufi nzito na majedwali hayataiokoa. Acha mstari mtupu kati ya aya, orodha zianze kwa kistari. Ratiba ile leo ningeiandika hivi:

    Jumatatu, saa 3:00: kikao
    [IMEBADILIKA] Jumanne, saa 5:00: ukaguzi (awali saa 4:00)

Sasa kazi ya rangi inafanywa na neno. Kwenye HTML, lugha inayoipa barua rangi, picha na majedwali, ipake wekundu upendavyo, hakuna atakayepotea.

"Bofya hapa" nayo ni mtego, kwa sababu kwenye maandishi matupu hakuna pa kubofya. Andika anwani kamili, iwe peke yake kwenye mstari. Kanuni za barua pepe hazitaki mstari uzidi herufi 998, na zinashauri 78. Mimi hukata kwenye 72 hivi, ili watu wakijibu na alama za ">" zikirundikana, mistari isivunjike ovyo.

Hatua ya 2: Ivalishe HTML, kwa kiasi

Outlook ya Windows ilianza na toleo la 2007 kuchora HTML kwa injini ya Word, na injini hiyo CSS nyingi (maagizo ya rangi na mpangilio) haiijui. Ndiyo maana wabunifu wa barua waliendelea kupanga kurasa kwa majedwali kama mwaka 1998. Mitindo iandike ndani ya tagi (alama za HTML) zenyewe. Picha huzuiwa na programu nyingi mpaka msomaji aruhusu, kwa hiyo kila picha iwe na maelezo yake kwenye alt, maneno yanayosomwa picha isipoonekana. Barua iliyo picha moja kubwa tu ni bahasha tupu. Na ukijaza mno, Gmail huikata HTML ikishapita takriban KB 102.

Hatua ya 3: Zitume zote mbili pamoja

Hapa ndipo penye siri, na si mpya: ilikuja na MIME, kanuni za kuweka sehemu kadhaa ndani ya barua moja, mwaka 1992.

    Content-Type: multipart/alternative; boundary="mpaka"

    --mpaka
    Content-Type: text/plain; charset=utf-8

    Maandishi matupu
    --mpaka
    Content-Type: text/html; charset=utf-8

    <p>Maandishi yaliyovalishwa</p>
    --mpaka--

Angalia mfuatano: nyepesi kwanza, tajiri mwisho. Programu huonyesha ya mwisho inayoiweza. Ukigeuza, unaweza kukuta urembo wako wote hauonekani na hujui kwa nini. Wanaotuma kwa Python, lugha ya kuandikia programu, wataandika set_content kwanza, kisha add_alternative.

Hatua ya 4: Jitumie mwenyewe

Ifungue kwa Thunderbird, kisha uiambie ionyeshe maandishi matupu. Dakika moja tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini nisitume HTML peke yake?*
Unaweza, na Mutt ikisaidiwa na w3m, kivinjari cha maandishi tu, itaisoma kwa namna yake. Lakini SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, ina kanuni iitwayo MIME_HTML_ONLY, inayokuongezea alama za barua taka. Na wajenzi wa kerneli ya Linux wao HTML hawaipokei kabisa.

*Sehemu ya maandishi matupu naweza kuweka tu "Tafadhali tumia programu inayosoma HTML"?*
Hapana, ndugu yangu. Mwenye HTML hataiona sentensi hiyo, na asiye nayo unamfukuza mlangoni.

*Wateja wangu wanapata faili la winmail.dat lisilofunguka.*
Outlook yako inatuma kwa Rich Text, mtindo wa Microsoft ambao programu nyingine nyingi haziujui. Badili uwe HTML au maandishi matupu, na ukague pia mipangilio ya mwasiliani mmoja mmoja, maana hujificha huko.

*Nimeandika "ng'ombe", mwenzangu kaona "ng=E2=80=99ombe". Nimelogwa?*
Hujalogwa, dada. Word imekugeuzia ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda, nayo kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi) huchukua baiti tatu. Zimefungwa kwa quoted-printable, njia ya kuandika kila baiti ya namna hiyo kwa alama ya = na tarakimu, na skripti yako haikuandika kichwa cha Content-Transfer-Encoding, kwa hiyo upande wa pili hakuna aliyejua kuzifungua. Rekebisha kichwa hicho kwanza. Halafu zima ile tabia ya Word, kwani sisi wenye ng' inatusumbua kila siku.