Eksirei ya kigasha na kifundo cha mkono: usiishie kwenye ufa wa kwanza

Anza na picha yenyewe. Jina, tarehe, alama ya kulia au kushoto. Kigasha kinahitaji picha mbili, ya mbele na ya ubavu, na zote zionyeshe kiwiko na kifundo. Iliyokatwa chini ya kiwiko irudiwe, hata kama mvunjiko unaonekana wazi katikati.

Sababu ni hii: mifupa miwili ya kigasha, radiasi iliyo upande wa kidole gumba na ulna iliyo upande wa kidole kidogo, imeshikana juu na chini kama fremu ya mlango. Nguzo moja ikifupika, ama ya pili imevunjika, ama kona mojawapo, yaani kiungo, imeachia. Ulna ikivunjika peke yake na kupinda, panda kwenye kiwiko. Chora mstari kati kwa kati ya shingo ya radiasi. Katika kila picha upite katikati ya kapitelamu, ile tufe ndogo ya mwisho wa mfupa wa juu wa mkono. Ukienda pembeni, kichwa cha radiasi kimeteguka, na huo ni mvunjiko wa Monteggia. (Aliyekinga rungu anaweza kuvunjika ulna tu, viungo vikabaki salama. Kagua hata hivyo.)

Radiasi ikivunjika peke yake, hasa theluthi ya chini, shuka kwenye kifundo. Ulna ikichomoza nyuma kwenye picha ya ubavu, au pengo kati ya mifupa miwili likipanuka kwenye ya mbele, fikiria mvunjiko wa Galeazzi, yaani radiasi imevunjika na kiungo chake na ulna pale kifundoni kimeachia. Ila hakikisha ubavu ni ubavu kweli. Mkono uliolala mshazari hudanganya. Kwa mtu mzima, Monteggia na Galeazzi kwa kawaida ni za upasuaji. Zikifungwa plasta tu, mgonjwa hubaki na kiganja kisichogeuka vizuri.

Kwenye mwisho wa chini wa radiasi, pima. Picha ya mbele: uso wa kiungo huinama takriban digrii 22 kuelekea ulna. Picha ya ubavu: huinama takriban digrii 11 kuelekea kiganjani. Kipande kilichovunjika kikirudi upande wa mgongo wa mkono, ni mvunjiko wa Colles. Kikienda kiganjani, ni Smith. Ufa ukiingia kwenye kiungo na vifupa vya kifundo vikahama pamoja na kipande, ni Barton, na huo hautulii ndani ya plasta. Ngazi ya milimita 2 au zaidi kwenye uso wa kiungo iandikwe kwenye ripoti.

Kwa mtoto, fuata ganda la mfupa kwa macho polepole. Kijivimbe kidogo tu kinatosha kuwa mvunjiko. Pengine upande mmoja umekatika na wa pili umepinda. Mivunjiko ya bamba la ukuaji, sehemu ambapo mfupa wa mtoto hurefukia, hupangwa kwa mfumo wa Salter-Harris, aina ya I hadi V. Aina ya II, yenye kipande cha mfupa upande wa shina, ndiyo ya kawaida zaidi. I na V huweza kuonekana kama picha safi.

Picha safi haimwondoi mgonjwa mwenye maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba. Hapo ndipo ilipo skafoidi, kimojawapo cha vifupa vya kifundo, na ufa wake mara nyingi hujificha siku za mwanzo. Omba picha maalumu za skafoidi, mfunge gango, rudia eksirei baada ya siku 10 hadi 14. Ukiuacha, kipande cha karibu na radiasi huweza kufa kwa kukosa damu.