Namna ya Kufungua Pakiti ya Kadi za Besiboli za Miaka ya 1980

Mwaka 1987 mtoto wa Marekani aliyekuwa na senti 40 mfukoni aliweza kununua pakiti ya kampuni ya Topps yenye kadi 17 za wachezaji wa besiboli na kipande kimoja cha chingamu, na mara nyingi aliifungua palepale mlangoni mwa duka. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima, na pakiti za mwaka ule ambazo hazijawahi kufunguliwa bado zinauzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Anayetaka kuionja tena furaha ile, au kuionja kwa mara ya kwanza, anapaswa kujua mambo machache kabla ya kutia kidole kwenye karatasi, kwa sababu pakiti ya zamani haifunguliwi mara mbili.

Jambo la kwanza ni kuchagua pakiti inayostahili kufunguliwa, na hapa nina msimamo: nunua pakiti kwa ajili ya kumbukumbu, usiinunue kwa tamaa ya kupata kadi ya mamilioni. Kadi ya mchezaji mashuhuri Mickey Mantle namba 311 ya Topps ya mwaka 1952, ambayo mojawapo iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6, ni ghali kwa sababu watoto wa wakati ule walizichezea kadi hadi zikachakaa, na kwa sababu shehena ya kadi za mwaka huo iliyokosa wanunuzi ilitupwa katika Bahari ya Atlantiki na Sy Berger wa Topps, mtu yuleyule aliyeshiriki kuzibuni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kampuni zilichapa kadi kwa wingi uliopita kiasi, na watu wazima wakazinunua kwa maboksi na kuziweka kabatini wakiamini kwamba zingewasomeshea watoto wao; kwa kuwa kila mtu aliweka, hakuna kilichoadimika. Hasara yao ndiyo faida yetu. Pakiti ya Topps ya 1987 au 1988 hugharimu dola chache tu, na ukiifungua humwibii mtu urithi wa historia. Pakiti ya miaka ya 1950 au 1960 ambayo bado imefungwa ni jambo lingine, na kwa maoni yangu inafaa ibaki ilivyo.

Kampuni utakayoichagua ndiyo itakayoamua utakutana na nini ndani. Kwa miaka mingi Topps walikuwa karibu peke yao sokoni, hadi hukumu ya mahakama ya mwaka 1980 ilipozifungulia mlango kampuni za Fleer na Donruss, ambao walitoa kadi zao mwaka 1981 pamoja na chingamu. Rufaa ilipowarudishia Topps haki ya kuuza peke yao kadi zikiwa na chingamu, Fleer wakageukia stika za nembo za timu, na Donruss wakaweka vipande vya picha ya kuunganisha, wakianza na mchezaji mashuhuri Babe Ruth mwaka 1982. Kwa hiyo anayetaka harufu ya sukari na mabaki ya unga wa chingamu anunue Topps ya mwaka 1991 kurudi nyuma, kwa maana mwaka 1992 chingamu iliondolewa. Upper Deck, walioingia mwaka 1989, walitumia pakiti ya jaribosi iliyokuwa ngumu kuchezewa na wakaweka alama ya hologramu kwenye kila kadi. Kadi namba 1 katika seti yao ya kwanza, yaani mkusanyiko wa kadi zote za mwaka huo, ni ya kijana Ken Griffey Jr., aliyekuja kuwa nyota, na hiyo peke yake inatosha kuyafanya mapigo ya moyo yaongezeke unapofungua.

Kabla ya kulipa, kagua. Karatasi ya nta inayofunika kadi hukunjwa upande wa nyuma wa pakiti na kubanwa kwa joto, nta ikayeyuka kidogo na kugandisha mikunjo. Mtu mwenye pasi na subira anaweza kuifungua, akatoa kadi nzuri, akaweka za hovyo na kuibana upya. Igeuze pakiti uitazame nyuma: mikunjo ya kiwandani ina mstari mmoja ulionyooka, na nta imeshika sehemu ileile ambapo karatasi zinapishana. Ukiona alama mbili za mkunjo zisizolingana, nta iliyotapakaa nje ya pindo, karatasi iliyochanika kidogo pembeni, au pakiti iliyolegea hadi kadi zinacheza ndani, iache. Pakiti za plastiki angavu, ambazo huonyesha kadi ya juu na ya chini, zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu pakiti yenye nyota juu huuzwa ghali na kwa hiyo huwavutia walaghai. Hatari nyingine haionekani kwa macho: katika maboksi mengi kadi zilipangwa kwa mfuatano unaojirudia, na muuzaji anayeujua mfuatano huo huweza kubakiza pakiti anazozitaka na kukuuzia zilizosalia. Ndiyo maana boksi zima lenye pakiti 36, hasa lililokaguliwa na kufungwa upya kwa plastiki na wataalamu kama Baseball Card Exchange wa Indiana, huwa salama kuliko pakiti mojamoja, ijapokuwa utalipa zaidi.

Sasa kufungua kwenyewe. Nawa mikono na uikaushe kabisa, kisha utandike kitambaa safi juu ya meza, mahali pasipo na joto jingi, kwa kuwa nta iliyolainika hung'ang'ania karatasi. Weka simu mbali. Kutafuta bei ya kila kadi inapotokea ndiko kunakoua raha yote, na bei haitakimbia ndani ya nusu saa.

Lalisha pakiti kifudifudi, mikunjo ikikutazama. Usitumie mkasi wala kisu. Ingiza ukucha wa kidole gumba chini ya pindo la katikati na ulisukume polepole kutoka ncha moja hadi nyingine. Utasikia nta ikiachia kwa mlio mdogo mkavu, na harufu ya kwanza kutoka ni ya karatasi ngumu iliyokaa gizani pamoja na sukari. Fungua ncha mbili za pembeni, kisha ondoa karatasi yote bila kuivuta kadi yoyote. Chingamu usiitafune hata ukitaniwa: baada ya zaidi ya miaka 30 huvunjika kama kigae, na wakati mwingine ina ukungu. Iinue nzima ikiwezekana. Kadi iliyolala nayo kwa kawaida ina doa la kahawia lisilotoka, na hilo ulikubali tu, kwa sababu ni mojawapo ya dalili kwamba chingamu imelala hapo kwa miaka mingi.

Shika rundo zima kwa kingo, si kwa nyuso, na uziondoe kadi moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini. Soma jina, timu, kisha ugeuze na usome takwimu za kila msimu. Katika Topps ya 1987, yenye fremu inayofanana na mbao, subiri namba 320 ya Barry Bonds na namba 366 ya Mark McGwire, waliokuja kuwa nyota, lakini usiwapite haraka wale wachezaji ambao hakuna anayewakumbuka, maana hao ndio waliojaa katika pakiti zote za utotoni.

Kadi zenye mng'ao za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina tabia ya kugandana. Hizo usizipasue kwa nguvu wala kuzichomekea kitu chenye ncha. Lishike rundo kwa pande mbili, ulipinde kidogo sana huku na huku hadi hewa ipenye katikati, na uzitenganishe kwa kuzitelezesha. Baadhi zitaacha rangi yao kwenye jirani zao hata ukifanya kila kitu sawasawa. Doa la nta upande wa picha huweza kupungua likisuguliwa taratibu kwa soksi ndefu ya nailoni, ila kadi unayofikiria kuipeleka kwa wapimaji kama PSA, ambao huzipa kadi alama kuanzia 1 hadi 10, ni bora uiache bila kuigusa.

Kadi unazozipenda ziingize kwanza katika kifuko laini cha plastiki, kisha katika kifuko kigumu, na uepuke kurasa za zamani za plastiki ya PVC, ambazo kwa miaka mingi hutoa kemikali inayoharibu uso wa kadi. Karatasi ya nta nayo usiitupe: inyooshe, uiweke ndani ya kitabu kizito, na uandike tarehe kwenye kipande cha karatasi kando yake.

Zinazobaki zipange kwa namba. Seti nzima ya Topps ya 1987 ina kadi 792, na boksi la pakiti 36 lina kadi 612 tu, tena baadhi zimejirudia, kwa hiyo hata boksi zima halikamilishi seti. Andika orodha ya namba unazozikosa, uende nayo kwenye duka la kadi au maonyesho ya wakusanyaji, na ubadilishane na mwenye orodha yake, kama watoto wa wakati ule walivyofanya.