Kabla hujakipeleka kiinua mgongo chako Uingereza na Ireland

Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Dawa za presha na sukari zikae kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari, siyo kwenye sanduku linaloweza kubaki Addis Ababa. Adapta ya umeme usinunue. Soketi za kule ni zile zile za pini tatu bapa tulizozizoea nyumbani. Koti la mvua liwe na kofia. Mwavuli uache, upepo wa Scotland utaupindua siku ya kwanza.

Nenda Mei au Septemba. Agosti Edinburgh kuna matamasha, na bei ya vyumba inapaa.

Ukishatimiza miaka 60, nunua kadi ya treni ya wazee. Inakupunguzia theluthi ya nauli nyingi za England, Scotland na Wales, na uraia hawaulizi. Tiketi za bei ya chini huanza kuuzwa kama wiki 12 kabla. Ukisubiri kukata siku ya safari utadhani unanunua behewa zima. Ila tiketi hiyo ni ya treni uliyoandikiwa tu. Ukiikosa, imekula kwako. Chakula nunua madukani jioni, vile vinavyokaribia kuisha muda na kubandikwa karatasi ya njano ya bei iliyopunguzwa. Mzee wangu alikuwa akizivizia hizo karatasi kama mwewe na vifaranga. British Museum ni bure, makumbusho ya taifa ya Edinburgh na Dublin pia ni bure.

Bima kata, na kwenye fomu usifiche presha yako. Mgeni wa matembezi akilazwa hospitali ya serikali England hutozwa asilimia 150 ya gharama, na bima ikigundua ulidanganya haitoi hata senti.

Sasa viza. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo soma taratibu.

Kisiwa cha Ireland kina nchi mbili juu yake. Kaskazini, kwenye Belfast, ni Uingereza, wanatumia pauni. Kwingine kote ni Jamhuri ya Ireland, mji mkuu Dublin, wanatumia yuro. Mpakani hakuna geti. Watu wakisikia nchi hizi zina eneo la pamoja la kusafiri hudhani viza moja inatosha. Eneo hilo ni kwa raia wao. Mtanzania anahitaji viza mbili, vivyo hivyo Mkenya, kila moja na fomu yake na ada yake. Mpango wa viza moja kwa nchi zote mbili upo, lakini ni wa Wachina na Wahindi.

Mimi niliambiwa na kijana wa wakala wa safari, "Mama, ukishapata ya Uingereza umemaliza." Nikashukuru. Tena tukakata tiketi ya kurudi nyumbani kutokea Dublin, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko ya London.

Kutoka Scotland tulivuka kwa feri, Cairnryan hadi Belfast, saa mbili na ushee. Hakuna aliyeuliza kitu kuhusu viza, na kwa nini aulize, tulikuwa bado Uingereza. Tukaenda Giant's Causeway, tukakanyaga yale mawe yenye pembe kama masega ya nyuki. Kesho yake tukapanda basi la Dublin. Mzee ndiye aliyekaa dirishani. "Mwalimu," akaniambia, "vibao vya barabarani vimegeuka kilomita." Basi, huo ndio ulikuwa mpaka.

Mbele kidogo basi likasimama, akapanda askari wa uhamiaji, siti kwa siti. Pasipoti yangu aliifungua, akarudi kurasa za nyuma, akafungua tena. Akauliza kwa upole viza ya Ireland iko ukurasa gani. Nikamwekea kidole kwenye ya Uingereza, kama mwanafunzi anayeonyesha jibu la swali lingine.

Tulishushwa. Basi likaondoka na kofia ya mzee kwenye siti. Tukakaa kituoni saa kadhaa, tukapewa chai ya maziwa na karatasi ya kunyimwa ruhusa ya kuingia, jioni tukarudishwa Belfast. Chumba cha Dublin tulikuwa tumeshalipia, hakirejeshewi pesa. Ndege iliruka keshokutwa yake bila sisi. Tiketi mbili mpya, kwa bei ya dakika za mwisho, zilimeza fedha za bati za nyumba ya Kibaha. Na fomu za viza huuliza kama uliwahi kukataliwa kuingia nchi yoyote. Siku hizi natia tiki kwenye "ndiyo" na kuandika maelezo.

Kwa hiyo viza zote mbili unaruhusiwa kuomba miezi mitatu kabla ya safari. Anza siku hiyo hiyo, maana pasipoti ikishikiliwa ofisi moja haiwezi kuwa kwenye ofisi ya pili. Na ya Ireland omba ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukiwa Dublin utauziwa safari ya siku moja ya kwenda kuona Belfast; ukivuka tu umeshatoka Ireland, na viza ya mara moja imeishia hapo. Tiketi ya ndege kata ya kuingilia na kutokea mji mmoja, au subiri viza zote ziwe mkononi.

Mengine ni ya kawaida. Viatu vivae nyumbani wiki kadhaa kwanza. Noti za Scotland zimalize huko huko, kwingine wauzaji huzigeuzageuza. Nakala za karatasi zote mwachie mtoto mmoja anayepokea simu. Na kabla ya kulipia chumba cha bei poa uliza kiko ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti. London tulipewa cha ghorofa ya nne.